Hike ya Shimba Hills na familia: Kushuka ni sare, bili inakuja ukipanda

Kuna picha moja kwa simu yangu ambayo sijawahi kupost. Niko katikati ya msitu, nimebeba mtoi wa miaka 5 mgongoni, shati imeshikana na mwili kama nimetolewa baharini. Nyuma yangu mathe amekaa kwa mzizi wa mti, ameshika kiuno. Uso wake unasema yale hawezi kusema mbele ya wajukuu.

Hiyo ndiyo siku tulienda Shimba Hills, na mimi ndiye nilileta hiyo form. Niliandika kwa group ya familia, "Ni kilomita 2 tu, hata mtoto anaweza." Na sikudanganya, ni kama kilomita 2 kweli. Kitu sikusema, juu pia mimi sikuwa najua, ni kwamba hizo kilomita 2 ni za kushuka. Halafu unarudi na njia ile ile.

Hakuna mtu aliumia. Tulitoka wote, lakini mathe alininunia kutoka Kwale hadi ferry. So kabla ubebe familia yako wikendi hii, wacha nikueleze vile ilifaa mtu anieleze mimi.

Shimba iko wapi na kuna nini huko

Shimba Hills National Reserve iko Kaunti ya Kwale, kama kilomita 33 kutoka Mombasa. Wengi wetu huipita kila mwaka tukikimbilia Diani na hata hatugeuzi kichwa. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968 na inasimamiwa na KWS.

Ni vilima vya nyasi vimechanganyika na msitu mzito wa Pwani. Kwa sababu ni juu, asubuhi kuna ubaridi na wakati mwingine ukungu, kitu mtu wa Kisauni hawezi amini akiambiwa iko karibu hivyo na kwake. Ndani kuna ndovu, nyati, twiga, chui, na mbega wale weusi wenye manyoya meupe mabegani. Na kuna palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda kurudi nyuma. Huyo ukitaka kumuona Kenya akiwa porini, ni Shimba tu. Hata Maasai Mara hana kwao.

Kuna kitu kingine wasee wa Mombasa huwa hawajui. Mvua ikinyesha kwa hivyo vilima, msitu unaishika kama sponji na kuiachilia polepole kupitia chemchemi. Chemchemi za Marere, ambazo ziko huko Shimba, zimekuwa zikipeleka maji Mombasa tangu enzi ya mkoloni. Kwa hivyo ukipeleka watoi huko, waambie ukweli: sehemu ya maji ya mji wao inaanzia kwa hii miti.

Kivutio cha kuhike ni Sheldrick Falls, maporomoko ya zaidi ya mita 20 yaliyojificha ndani ya msitu. Unaacha gari mahali panaitwa Elephant Hill, unapewa renja wa KWS mwenye bunduki, mnashuka na miguu hadi chini. Chini kuna kidimbwi ambacho watu huogelea. Poa sana. Shida haiko hapo.

Kwa nini hii hike huwadanganya watu

Fikiria Mlima Longonot. Unaanza kwa kupanda. Ukichoka katikati, unageuka, na kurudi ni kushuka tu. Mlima wenyewe umekuchuja mapema. Ule asiyeweza anajulikana dakika ya 20.

Sheldrick iko kinyume. Unaanza na mteremko ukiwa fresh, umepiga chai na mahamri, watoi wanakimbia mbele. Kila mtu anaweza kushuka. Nyanya anaweza, mtoi wa nasari anaweza, hata ule mjomba wa kitambi anaweza. Halafu mnafika kwa maji, mnaogelea, mnakula, mwili unalegea. Hapo ndipo nusu ngumu inaanza, na imebaki yote. Huwezi sema umebadilisha mawazo. Gari iko juu.

Kuna mambo matatu yanafanya huo mpando uwe mgumu kuliko unavyoonekana.

Kwanza, kushuka pia ni kazi. Misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki kila hatua, na magoti yanabeba uzito. Husikii uchovu saa hiyo, unausikia ukianza kupanda. Ndio maana mathe alishuka akiimba na akapanda akihesabu hatua.

Pili, unyevu wa Pwani. Jasho hupoza mwili likikauka. Ukiwa Nairobi linakauka haraka. Ndani ya msitu wa Kwale hewa imejaa maji tayari na upepo ni kidogo, kwa hivyo jasho linatiririka tu bila kukupoza vizuri. Unapoteza maji mengi na bado uko moto.

Tatu, mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa saizi. Mwili wake unashika joto haraka na hatoi jasho kama wewe. Na mtoi hasemi, "Nahisi nimeishiwa na maji." Mtoi mchangamfu ananyamaza, analia bila sababu, ama anasema tumbo linauma. Ukiona hivyo, usimkemee ati ni mvivu. Mkalishe kivulini, mpe maji kidogo kidogo, mloweshe kichwa na shingo, na mngoje. Akitapika au aanze kuongea mambo hayaeleweki, hiyo si uchovu tena. Mwambie renja saa hiyo hiyo na mtoto apelekwe hospitali. Kwale mjini iko.

Hesabu ianze na kurudi

Sheria yangu siku hizi ni moja: usipange safari kwa kuuliza tutafika saa ngapi. Uliza yule wa mwisho atakuwa amerudi kwa gari saa ngapi.

Geti za KWS hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Lakini adui yako si kufungwa kwa geti, ni jua la saa 7 mchana. Kwa hivyo hesabu inaenda hivi, na watoi ndani:

Saa 12 na nusu asubuhi mshavuka Likoni. Saa 2 mko getini, mmekojoa na mmelipa. Saa 2 na nusu mnaanza kushuka. Mtu mzima anaweza kushuka kwa nusu saa hivi, lakini wewe weka saa nzima, juu mtoi atasimama kuangalia kila jongoo. Saa 3 na nusu mko kwa maji. Kaeni saa moja. Saa 4 na nusu mnaanza kupanda, na mpewe saa moja na nusu. Saa 6 mko kwa gari, mnafungua biryani.

Ndio, biryani mnakula mkirudi juu. Chini bebeni ndizi, viazi vitamu, njugu, mayai ya kuchemsha. Ukipiga sahani ya pilau chini kule halafu uanze kupanda, tumbo na miguu zitagombania damu na wewe ndio utalia.

Na kuna mtihani mdogo nilifunzwa na aibu. Mkishashuka dakika 10, omba renja msimame. Geuza familia yote, mpande hatua 50 kurudi mlikotoka. Ukiona mtoi anaomba kubebwa hapo, ama mathe anashika goti, basi huo ndio ukweli. Mko dakika 10 tu kutoka kwa gari. Ni afadhali mtu arudi hapo kuliko kugundua mkiwa chini.

Nani aende, nani abaki

Hii ndio sehemu familia huogopa kuongea, halafu mtu anaumia juu ya heshima.

Mtoi chini ya miaka 6, hesabu kwamba utambeba sehemu ya njia. Si labda, utambeba. Kwa hivyo kuwe na watu wazima wawili wenye nguvu wa kubadilishana kwa kila mtoi mdogo. Kama uko peke yako na watoi wawili wadogo, hii hike si yako mwaka huu. Mtihani wa nyumbani ni rahisi. Nenda Mama Ngina Waterfront jioni, tembeeni kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na mrudi. Mtoi akimaliza bila "Anko, nibebe," ako na nafasi.

Wazazi wenye shida ya moyo, presha isiyotulia, pumu au magoti, waheshimu kwa kuwaambia ukweli kabla, si ukiwa chini. Na kubaki si kufungiwa kwa gari. Kuna sehemu za kuangalia mandhari unafika na gari, na siku hewa iko safi unaona Bahari Hindi kutoka huko juu. Mathe anaweza kuwa na chai yake, kikoi chake, upepo, na mtu wa kupiga naye story. Wengine mnaenda, mnarudi, mnakula pamoja. Hiyo bado ni safari ya familia.

Kufika bila kulia na pesa

Kutoka kisiwani una njia mbili. Ya kwanza ni ferry ya Likoni. Ukivuka na miguu hulipi kitu, lakini kwa gari, foleni ya wikendi unaijua. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, ambayo inakuzungusha kutoka upande wa Miritini hadi South Coast bila kuona maji ya ferry. Ni ndefu kidogo lakini huna haja ya kuomba dua ya foleni.

Ukishapita Likoni, fuata barabara ya Lunga Lunga hadi Kombani, hapo unakata kulia kupanda Kwale. Mat za Likoni kwenda Kwale ziko, na geti kuu haiko mbali na mji. Lakini usidanganyike hapo. Kutoka getini hadi Elephant Hill ni ndani ya hifadhi yenye ndovu na nyati, huwezi kutembea peke yako na usitegemee boda ikupeleke. Lazima mwe na gari. Familia mbili mkichanga doo mkodi Probox au van ya siku nzima, inatoka nafuu kuliko kila mtu kujitafutia. Kubaliana na dere kabisa kwamba atawangoja, si ati "nitarudi saa 8."

Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, usibebe cash ukitegemea geti. Bei huwa inabadilika, angalia hapo kabla ulale Ijumaa. Watu wazima wabebe ID, juu bei ya Mkenya na ya mgeni si moja. Ongeza pia malipo ya gari kwa hesabu, hiyo ndio watu husahau.

Maji: hapa ndio tulichomeka

Sisi siku ile tulifanya kitu cha maana, ama ndio tulidhani. Tulisimama Kwale tukanunua chupa za maji za plastiki, zile ndogo, karibu katoni nzima. Tukafika getini tukaambiwa hizo haziingii.

Na walikuwa right. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwa mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa Kenya. Hiyo ni chupa za maji, vikombe, sahani, vijiko na mirija ya plastiki. Tulikuwa watu saba na tukaingia na chupa mbili za shule za watoi. Hiyo ndio sababu halisi mathe alikaa kwa ule mzizi.

Kwa hivyo: chupa ngumu za kujaza tena, kila mtu yake. Mtu mzima lita 2, mtoi lita 1 isipungue. Weka pakiti chache za ORS, hazina uzito. Maji ya kupandia yahesabiwe kando. Mkifika chini, nusu ya maji iwe bado haijaguswa. Na usinywe maji ya kidimbwi hata yakionekana kama ya tangazo.

Nguo, na samahani kwa mashabiki wa Chelsea

Shimba kuna mbung'o, wale nzi wanaouma kama wamelipwa. Wanapenda rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi. Sio uvumi, mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi makusudi, juu ndio inawavuta. Sasa fikiria mjomba ameingia na jezi ya bluu. Vaeni khaki, kijivu, kijani iliyofifia. Suruali ndefu nyepesi na soksi zimefunika miguu, zinasaidia pia kwa kupe na mbu. Gari ikitembea fungeni madirisha, huwa wanafuata kitu kinachosonga.

Viatu viwe njumu za kufunga kamba zenye meno chini. Ndala na kroksi ni za kidimbwini. Kata kucha za miguu siku moja kabla, hasa za watoi, juu kushuka kunasukuma vidole mbele na kucha ndefu inaumia.

Mvua ikianza, pesa yako wacha ipotee

Njia ya kwenda maporomoko inaelekea chini, kwa maji. Msimu wa masika, hasa Aprili hadi Juni, ule udongo unakuwa sabuni, na mto unaweza kubadilika.

Hell's Gate ya Naivasha ni mbali na ni korongo la aina nyingine kabisa, lakini lilitufunza kwa uchungu. Aprili 2012 vijana 7 wa kanisa walikufa huko wakisombwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019, watu wengine 7 wakafa vivyo hivyo. Mvua huwa inanyesha juu, mbali, na wewe uko chini unapiga selfie kwa jua. Maji yakifika hayapigi hodi.

Kwa hivyo ukiona mawingu mazito, maji yamebadilika rangi kuwa kahawia, ama mto umeanza kupiga kelele kuliko ulivyofika, toeni watoi kwa maji mwanzo, maswali baadaye. Na renja akisema leo hatushuki, usianze kumwambia umetoka Mombasa saa 11. Anajua.

Huyo renja si wa kupiga picha

Ndovu wa Shimba ni wa ukweli. Walikuwa wamejaa hadi 2005 KWS ikalazimika kuhamisha wengi wao kuwapeleka Tsavo. Pembeni ya hifadhi, huko Mwaluganje, wakulima walitoa mashamba yao yawe njia ya ndovu, na kinyesi chao kikatengenezwa karatasi. Ambia watoi hiyo story mkiwa njiani, watasahau miguu.

Mpangilio ni huu: renja mbele, watoi katikati, mtu mzima mwenye nguvu mwisho. Hakuna mtoi anakimbia mbele ya renja. Spika ya Bluetooth ibaki kwa gari. Renja anasikiliza matawi yakivunjika mbali, na hawezi kusikia ndovu juu ya Gengetone.

Tulirudi

Mwezi wa Januari tulirudi, hewa ikiwa kavu. Chupa ngumu, njumu, hakuna bluu. Mathe hakungoja kuambiwa. Tulipofika juu alitandika leso yake, akamwaga chai, akasema, "Mimi hapa ndio kwangu. Nyinyi endeni mkamsalimie huyo maji." Sistangu akabaki naye.

Yule mtoi sasa ana miaka 6. Dakika ya 10 tulimgeuza, akapanda hatua zake 50 akicheka. Wakati wa kupanda kwenyewe alisimama mara nane, nilihesabu. Mara ya tisa aliniangalia, nikajua sasa ni mgongo. Akaniuliza, "Anko, umechoka?"

Nikamwambia kidogo.

Akanipa chupa yake.